Jina dogo ndani ya programu laweza kufunga rekodi za hospitali

MWANDISHI wa programu ya kompyuta anapoamua kubadilisha jina moja ndani ya kazi yake, huenda akatumia dakika tano tu kulifuta la zamani na kuliandika jipya. Kwa kliniki iliyo Kitale au Webuye, dakika hizo tano zaweza kugeuka kuwa asubuhi nzima ya foleni, wauguzi wakikodolea macho skrini isiyofunguka huku wagonjwa wakisubiri rekodi zao.

Tatizo hilo linajulikana kote duniani miongoni mwa watumiaji wa programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza. Magharibi mwa Kenya lina uzito wa pekee, kwa kuwa ni huko ambako mojawapo ya programu huria mashuhuri zaidi za hospitali ilianza kazi yake.

Historia hiyo inaanzia Eldoret. Mwaka wa 2001, Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani zilianzisha mpango wa AMPATH ili kuwatibu watu walioambukizwa virusi vya Ukimwi. Wagonjwa walipoongezeka, makaratasi hayakutosha tena kufuatilia nani alipewa dawa gani na siku gani alitarajiwa kurudi.

Mwaka wa 2004, Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief iliyoko Indianapolis walianza kubuni mfumo mpya wa rekodi za wagonjwa. Shirika la Partners In Health na Baraza la Utafiti wa Matibabu la Afrika Kusini ziliungana nao kuuendeleza. Mfumo huo uliitwa OpenMRS.

OpenMRS ilianza kutumika Eldoret mwaka wa 2006. Kliniki za AMPATH, zikiwemo za Kitale katika Trans Nzoia na Webuye katika Bungoma, zikawa miongoni mwa vituo ambavyo rekodi zake zilihifadhiwa humo. Kuanzia mwaka wa 2012, Wizara ya Afya ikishirikiana na kituo cha I-TECH cha Chuo Kikuu cha Washington ilisambaza mfumo wa KenyaEMR, ambao umejengwa juu ya OpenMRS, katika mamia ya vituo vya afya nchini.

Mgonjwa anayetumia dawa za kupunguza makali ya Ukimwi huhitaji kufuatiliwa kwa miaka mingi. Daktari hutaka kujua kiwango cha virusi katika damu kilikuwaje mara ya mwisho, dawa ilibadilishwa lini na kwa sababu gani. Rekodi isipofunguka, daktari hulazimika kumuuliza mgonjwa mambo ambayo huenda hayakumbuki, au kumwambia aje siku nyingine.

Kinachofungua rekodi hizo

Mfumo wa aina hii hausimami peke yake. Chini yake kuna mfumo endeshi, ambao mara nyingi ni Linux. Juu ya huo kuna hifadhidata, ambayo kwa OpenMRS kwa kawaida ni MySQL. Kuna pia Java, ambayo ndiyo lugha iliyotumiwa kuuandika, na Tomcat, programu inayoutoa mfumo kwenye kompyuta za madaktari kupitia mtandao wa ndani wa hospitali.

Kila tabaka lina waandishi wake, walio katika nchi mbalimbali na ambao huenda hawajawahi kusikia habari za Kitale. Tabaka hizo hukutana katika jambo moja tu, nalo ni majina.

OpenMRS haijui kwa asili yake hifadhidata ya hospitali iko wapi wala neno la siri la kuifungulia ni lipi. Mambo hayo huandikwa kando, katika faili fupi ya maandishi ambayo programu huisoma kila inapowashwa. Maelezo hayo yote kwa jumla ndiyo yanayoitwa usanidi.

Faili hiyo huitwa openmrs-runtime.properties. Ndani yake kuna mistari michache, kila mmoja ukiwa na jina, alama ya usawa na thamani. Jina connection.username, kwa mfano, hufuatwa na jina la mtumiaji anayeruhusiwa kuingia katika hifadhidata.

Njia ya pili ya kuipa programu maelezo ni vigeu vya mazingira. Hivi pia ni majina yenye thamani, lakini haviandikwi katika faili ya programu yenyewe. Huwekwa katika mfumo endeshi, na kila programu inayowashwa huvikuta tayari, kama mpangaji anayekuta maji na stima katika nyumba aliyohamia.

Desturi hiyo ni ya zamani. Ilianza katika mfumo endeshi wa Unix, toleo la 7, lililotolewa mwaka wa 1979. Vigeu kama HOME, kinachotaja saraka ya mtumiaji, na PATH, kinachotaja mahali pa kutafutia programu, vimedumu tangu wakati huo bila kubadilishwa majina. Laiti majina yote yangedumu hivyo, fundi wa kompyuta angekuwa na kazi nyepesi.

Wakazi wa eneo hili wanayo kumbukumbu ya jambo linalofanana na hili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, nambari za mwanzo za simu za mezani zilibadilishwa nchini. Kitale, iliyokuwa 0325, ikawa 054, na Bungoma, iliyokuwa 0337, ikawa 055. Hakuna simu iliyohamishwa wala waya uliokatwa, lakini aliyepiga kwa nambari iliyochapishwa kwenye barua ya zamani hakumpata aliyemtafuta.

Ndivyo ilivyo kwa vigeu na usanidi. Hifadhidata huwa ipo, rekodi huwa salama na mitambo huwa mizima. Kilichopotea ni jina la kuipigia.

Mstari mmoja wa mwaka wa 2010

Mfano bora zaidi umo ndani ya OpenMRS yenyewe. Kwa miaka mingi, mstari wa kuunganisha mfumo huo na hifadhidata ya MySQL ulikuwa na maneno haya katikati yake: sessionVariables=storage_engine=InnoDB.

Maneno hayo yalikuwa na sababu nzuri. Matoleo ya zamani ya MySQL yalikuwa na njia zaidi ya moja ya kuhifadhi data, na njia iliyotumika bila kuagizwa iliitwa MyISAM. Njia hiyo haikuwa na uwezo wa kufuta kazi iliyokatizwa katikati. Umeme ukipotea wakati nusu ya maelezo ya mgonjwa imeandikwa, nusu hiyo ingebaki. InnoDB ilikuwa na uwezo huo, na ndiyo maana waandishi wa OpenMRS waliagiza itumike.

Mwaka wa 2010, MySQL ilipokuwa ikiandaa toleo la 5.5, mambo mawili yalifanyika. Kwanza, InnoDB ikafanywa kuwa njia ya kawaida, kwa hivyo agizo lile halikuwa la lazima tena. Pili, jina storage_engine likatangazwa kuwa limepitwa na wakati, na mahali pake pakawekwa jina default_storage_engine.

Jina la zamani halikuondolewa papo hapo. Lilivumiliwa katika toleo la 5.5 na la 5.6, kisha likafutwa kabisa katika toleo la 5.7, lililokamilika Oktoba 2015. Tangu hapo, MySQL ikiambiwa storage_engine hujibu kwamba haikitambui kigeu hicho, na muunganisho hukatika.

Miaka mitano ya tahadhari yaonekana mingi. Hata hivyo, tahadhari hiyo ilitolewa kwa watu wanaosoma maelezo ya matoleo ya MySQL. Faili ya usanidi iliyoandikwa siku mfumo ulipowekwa hospitalini haisomi maelezo hayo. Hukaa ilivyo, mwaka baada ya mwaka, na mara nyingi aliyeiandika huwa ameshahamia kazi nyingine.

Hatari hiyo iliongezwa na mfumo endeshi. Ubuntu, mojawapo ya aina za Linux zinazotumiwa sana, ilikuja na MySQL 5.5 katika toleo lake la 14.04 la mwaka wa 2014. Toleo la 16.04, lililotolewa Aprili 2016, lilikuja na MySQL 5.7. Fundi aliyetoka toleo moja hadi jingine kwa nia njema ya kupata kinga dhidi ya wadukuzi alivuka, bila kujua, mpaka ambao jina lile lilifia.

Lau fundi huyo hakuufahamu mstari ule, angeona OpenMRS imekataa kuwaka ingawa yeye hakuigusa kabisa. Waandishi wa OpenMRS walibadilisha jina hilo katika matoleo ya baadaye, lakini faili ambayo tayari iko hospitalini hubadilishwa na mtu aliye hapo.

Saa za Afrika Mashariki

Mfano wa pili unawahusu watu wa eneo hili moja kwa moja. Programu ya Java huzungumza na MySQL kupitia kiunganishi maalum. Toleo la 8.0 la kiunganishi hicho lilipokamilika mwaka wa 2018, lilitaka kufahamu kwa uhakika hifadhidata inafuata saa za wapi.

Kompyuta nyingi za Kenya hujitambulisha kwa herufi EAT, yaani saa za Afrika Mashariki, ambazo ziko saa tatu mbele ya saa za ulimwengu. Kiunganishi kilizikataa herufi hizo. Kilitoa ujumbe kwamba thamani EAT haitambuliki au inawakilisha zaidi ya eneo moja la saa, na kikamtaka mtumiaji aandike kigezo kiitwacho serverTimezone. Wataalamu wa programu kutoka Nairobi hadi Kampala na Dar es Salaam walikutana na ujumbe huo.

Dawa yake ilikuwa kuongeza katika mstari wa muunganisho jina la mahali, kama vile Africa/Nairobi. Lakini Januari 2021, toleo la 8.0.23 lilileta jina jipya la kigezo hicho, connectionTimeZone.

Safari hii waandishi walichukua njia ya busara. Jina serverTimezone liliachwa liendelee kufanya kazi likiwa na maana ile ile. Aliyekuwa ameliandika hakulazimika kugusa chochote.

Kiunganishi hicho hicho kilifanya hivyo pia kwa jina lake chenyewe. Katika usanidi wa OpenMRS kuna mahali pa kutaja kiunganishi kinachotumika, na kwa miaka mingi jina lililoandikwa hapo lilikuwa com.mysql.jdbc.Driver. Toleo la 8.0 lilileta jina com.mysql.cj.jdbc.Driver. Anayetumia la zamani hukuta onyo kwenye kumbukumbu za seva kwamba jina hilo limepitwa na wakati, lakini kazi haisimami.

Tofauti kati ya visa hivi na kile cha storage_engine ni kwamba hapa onyo linatolewa mahali ambapo fundi analiona, wakati kliniki inaendelea na kazi. Halikuandikwa tu katika waraka ulio mbali naye.

Onyo lililopuuzwa

Onyo nalo hufaa tu likisomwa. Java inatoa mfano wa hilo. Kwa muda mrefu, maelekezo ya kuweka OpenMRS yaliwashauri mafundi waongeze kumbukumbu ya Java kwa kutumia kigeu cha mazingira cha Tomcat kiitwacho CATALINA_OPTS. Ndani ya kigeu hicho waliandika, pamoja na mambo mengine, agizo MaxPermSize.

Java toleo la 8, lililotolewa Machi 2014, liliondoa sehemu ya kumbukumbu ambayo agizo hilo lilihusu. Agizo likawa halina kazi. Badala ya kusimama, Java 8 iliandika onyo kwamba inalipuuza, kisha ikaendelea. Ilikuwa hivyo kwa miaka mingi, na mstari ule wa onyo ukawa kama kelele za barabarani ambazo mkazi wa mjini hazisikii tena.

Katika Java toleo la 17, lililotolewa Septemba 2021, uvumilivu huo ulikwisha. Toleo hilo likikutana na MaxPermSize hutangaza kwamba agizo halitambuliki na hukataa kuwaka. Neno moja lisilokuwa na faida yoyote kwa miaka saba likawa sababu ya mfumo mzima kulala.

Kwa nini majina hubadilika

Msomaji anaweza kujiuliza kwa nini waandishi wa programu hawaachi majina yalivyo. Zipo sababu tatu za msingi.

Ya kwanza ni usahihi. Jina storage_engine halikueleza kwamba linahusu chaguo la kawaida tu, na kila jedwali laweza kuwa na lake. Jina default_storage_engine linaeleza hivyo waziwazi.

Ya pili ni kuepusha mgongano. Programu mbili katika seva moja zikitumia kigeu kimoja, kwa mfano DB_HOST, moja itachukua maelezo ya nyingine. Ndiyo maana miradi mingi huanza vigeu vyake kwa kifupi cha jina lake.

Ya tatu ni mabadiliko ya namna programu zinavyosafirishwa. Mwaka wa 2011, Adam Wiggins wa kampuni ya Heroku na wenzake walitoa mwongozo wenye kanuni 12 za kuandika programu za mtandao. Mojawapo ilisema usanidi utenganishwe na msimbo na uwekwe katika vigeu vya mazingira. Mwaka wa 2013 ikaja Docker, inayofunga programu pamoja na mahitaji yake yote katika kasha moja liitwalo kontena. Kontena ni lile lile kila mahali, na kinachotofautisha hospitali moja na nyingine ni vigeu inavyopewa wakati wa kuwashwa.

OpenMRS ilifuata mkondo huo. Katika matoleo yake ya kontena, anwani ya hifadhidata hutajwa kwa kigeu OMRS_CONFIG_CONNECTION_SERVER, na neno la siri kwa OMRS_CONFIG_CONNECTION_PASSWORD. Mambo ambayo fundi alizoea kuyaandika katika faili sasa yanaandikwa kwa majina mengine na mahali pengine.

Njia hii ina manufaa. Neno la siri halilazimiki kuandikwa katika faili inayonakiliwa huku na huko, jambo muhimu tangu Kenya ilipopitisha Sheria ya Kulinda Data mwaka wa 2019. Lakini ina kasoro moja ambayo fundi hana budi kuijua: kigeu kilichoandikwa vibaya kwa kawaida hakilalamikiwi na mtu. Herufi moja ikikosewa, programu huona kama kwamba haikuambiwa kitu na huchukua thamani yake ya kawaida.

Faili ya usanidi nayo ina mtego wake. Jina la faili ya OpenMRS hutokana na jina ambalo programu imewekewa kwenye seva. Programu ikiitwa openmrs, faili huwa openmrs-runtime.properties. Programu ikipewa jina jingine, itatafuta faili yenye jina hilo jingine.

Ikiikosa, haitasema kwamba faili imepotea. Itafungua ukurasa wa kuwekwa kwa mara ya kwanza, kana kwamba hospitali haijawahi kuitumia. Fundi asiye na uzoefu anaweza kudhani kwamba rekodi zote zimefutika. Kibaya zaidi, anaweza kufuata maelekezo ya ukurasa huo na kuunda hifadhidata mpya iliyo tupu, huku ile yenye rekodi za miaka ikikaa kando bila kuguswa. Kliniki ikianza kuandika wagonjwa humo, kutakuwa na rekodi za aina mbili za mtu mmoja, na kuziunganisha ni kazi ya majuma.

Usiache mbachao

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Katika uandishi wa programu, maana yake ni kwamba jina jipya likija, la zamani libaki mpaka watumiaji wawe wamehama.

Mfano mzuri wa busara hiyo unapatikana katika orodha ya kimataifa ya maeneo ya saa, inayotumiwa na karibu kila kompyuta na simu duniani. Mji mkuu wa Eritrea ulikuwa umeandikwa humo Africa/Asmera. Baadaye tahajia ikarekebishwa kuwa Africa/Asmara, lakini ya zamani ikaachwa iwe njia ya kuielekea mpya. Ndivyo pia ilivyofanywa Calcutta ilipoandikwa Kolkata, na Kiev ilipoandikwa Kyiv mwaka wa 2022.

Hata ahadi hiyo ina kikomo. Katika Ubuntu 24.04, iliyotolewa mwaka wa 2024, majina mengi ya kale ya maeneo ya saa yaliondolewa katika kifurushi cha kawaida na kuwekwa katika kifurushi cha pembeni kiitwacho tzdata-legacy. Anayeyahitaji huyapata, lakini sharti ayaombe.

Hospitali zenyewe zinayo desturi inayofanana na hiyo. Baada ya Katiba ya 2010 na kuanza kwa serikali za kaunti mwaka wa 2013, hospitali zilizoitwa za wilaya, zikiwemo za Kitale na Bungoma, zikawa hospitali za rufaa za kaunti. Mibao ya langoni ikaandikwa upya. Lakini katika orodha kuu ya vituo vya afya, kila kituo kilikuwa na nambari yake, na nambari hiyo haikutegemea jina.

Hilo lilikuwa na maana kubwa, kwa sababu nambari ya mgonjwa katika kliniki za Ukimwi iliundwa kwa tarakimu 10: tano za kituo na tano za mgonjwa mwenyewe. Lau nambari ya kituo ingebadilika kila jina lilipobadilika, kadi za maelfu ya wagonjwa zingekuwa hazilingani na mfumo.

Daftari la fundi

Kwa waandishi wa programu, wajibu umekwisha kuonekana: kuyatambua majina yote mawili kwa muda, kutoa onyo ndani ya programu yenyewe likitaja jina jipya, na kuliondoa la zamani katika toleo kubwa tu, si katika marekebisho madogo. Pamoja na hayo, programu ikikosa usanidi wake ni heri isimame na kueleza ilikotafuta, kuliko kuendelea kimya kwa thamani ya kubahatisha.

Kwa upande wa hospitali, mali bila daftari hupotea bila habari. Vituo vingi hunakili hifadhidata kila siku ili rekodi zisipotee seva ikiharibika. Nakala hiyo pekee haitoshi. Hifadhidata bila usanidi ni ghala lisilo na ufunguo, na faili ya usanidi pamoja na vigeu vya mazingira inafaa vinakiliwe pia, na nakala ziwekwe mahali salama kwa kuwa zina maneno ya siri.

Daftari la fundi linafaa kueleza kila mstari uliobadilishwa, tarehe, sababu na jina la aliyeubadilisha. Mstari usio na maelezo ndio unaowatisha wanaokuja baadaye, kwani hakuna anayejua kama ukifutwa kitu kitaharibika. Agizo la InnoDB lilikuwa la namna hiyo: baada ya mwaka wa 2010 halikuhitajika tena, lakini ni wachache ambao wangethubutu kulifuta.

Toleo jipya nalo lijaribiwe kwanza katika kompyuta ya pembeni yenye nakala ya mfumo. Kazi yenyewe ifanywe siku ambayo hakuna kliniki, na kumbukumbu za seva zisomwe baada ya kuwashwa, maonyo yakiwemo, hata kama kila kitu kinaonekana kufanya kazi.

Watu wa kufanya kazi hiyo wanaweza kupatikana karibu. Kibabii, chuo kikuu kilichopata hati yake mwaka wa 2015, kina kitivo cha kompyuta mjini Bungoma, na Kitale ina taasisi yake ya kitaifa ya mafunzo ya kiufundi. Kwa kuwa msimbo wa OpenMRS uko wazi, mwanafunzi anaweza kusoma mwenyewe jinsi programu inavyotafuta faili yake ya usanidi, na akiona onyo halieleweki anaweza kupendekeza lirekebishwe. Programu zinazouzwa zikiwa zimefungwa hazimpi nafasi hiyo.

Suala la nani atakayeifanya kazi hii lilipata uzito mpya Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje. Mipango ya Ukimwi nchini Kenya, iliyotegemea fedha hizo kwa sehemu kubwa tangu miaka ya 2000, ilitikiswa, na pamoja nayo ajira za wale waliozihudumia kompyuta za kliniki.

Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka wa 2023 inazitambua rekodi za kielektroniki kuwa sehemu ya huduma ya afya nchini. Seva inayozihifadhi, basi, inahitaji kuwa na nafasi yake katika bajeti ya kaunti kama zilivyo dawa na jenereta. Nafasi hiyo isiwe ya kununua mashine peke yake. Iwe pia ya mshahara wa fundi anayejua kila jina lililoandikwa ndani ya mashine hiyo, na anayeliandika katika daftari kabla ya kuondoka.